Gari la Taratibu na Bolti Nne

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Mlioko kazini, mlioko jikoni, na wewe uliyelala kwa maradhi na redio iko kwenye mto, wote karibuni. Kama kuna sufuria motoni, ipunguzie moto kwanza. Sitaki mtu aje kusema chakula chake kiliungua kwa sababu yangu.

Leo tunamkumbuka Taratibu.

Taratibu ni jina la utani, na alilipata kazini. Alikuwa fundi wa mashine za kufulia katika hospitali kubwa. Kila shuka alilolalia mgonjwa lilipita kwenye mashine zake. Wenzake walimwita Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Mashine ikizimika, wauguzi wanapiga kelele, mashuka yamejaa sakafuni, yeye anavuta kiti, anakaa, anaitazama mashine. Bosi wake mmoja alituambia, "Ukimwuliza saa ngapi, alikuwa anatazama saa ya mkononi, halafu anatazama ya ukutani, ndipo anakujibu. Lakini mashine aliyoifunga yeye hairudi."

Taratibu amefariki. Alifariki kwa ajali ya gari alilolijenga mwenyewe nyumbani kwake. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: mtu huyu alijenga gari kwa mikono yake, na gari hilo ndilo lililomwua. Kilichoachia ni propela, na propela ni nini nitaeleza, msiwe na wasiwasi.

Aliyetuita tuitengeneze kumbukumbu hii ni mkewe. Alikuja hapa studio, akakaa, akaomba maji, hakuyanywa. Akasema, "Semeni yote. Msinifiche popote." Kwa hiyo leo, wasikilizaji wapendwa, tutasema yote, na sehemu kubwa ni kama alivyoiona yeye.

Mkewe ana saluni. Anasuka, anakata, anapaka kucha rangi. Wateja wanamwita Kioo. Ukikaa kwenye kiti chake ukamwuliza mtindo huu umenipendeza, na haujakupendeza, atakwambia. Wapo waliotoka pale wamenuna, lakini walirudi. Taratibu mwenyewe alimpata hivyo hivyo. Alikwenda kukata nywele, Kioo akamwambia, "Aliyekukata mara ya mwisho alikuwa na ugomvi na wewe?" Taratibu akafikiri, akafikiri, nywele zikakatwa zikaisha, akalipa, akafika mlangoni, ndipo akageuka akajibu, "Hapana. Alikuwa mdogo wangu." Kioo anasema alicheka mpaka akakaa chini.

Huyo mdogo wake mtamsikia sana leo. Watu wanamwita Cheche. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana karakana yake barabarani, anatengeneza mageti, vitanda, madirisha. Taratibu na Cheche walikuwa wawili tu kwa mama yao. Baba alikufa mapema. Mama aliwalea kwa kufagia ofisi za watu, alfajiri na jioni, kwa miguu. Kwenda kwa miguu, kurudi kwa miguu.

Ndiyo maana ya lile gari. Taratibu alimwahidi mama yake kwamba siku moja atampakia kwenye gari ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kulipanda. Mama akamwambia, "Hata la mtumba linanitosha, mwanangu." Taratibu akasema la, hili nitalijenga.

Basi kuna magari ya namna hiyo, wasikilizaji wapendwa. Yanauzwa vipande vipande ndani ya makasha. Unaletewa fremu ya chuma, bodi la faiba, milango, taa, kioo cha mbele. Injini unatafuta mwenyewe. Taratibu alichukua injini, gia boksi na ekseli ya nyuma kutoka kwenye pikapu iliyokwisha maisha yake. Gari lenyewe dogo, viti viwili tu, lakini makasha yake yalijaza nyumba nzima. Kioo anakumbuka, "Mlango wa kushoto ulikaa chini ya kitanda chetu. Wa kulia ulikuwa nyuma ya kabati. Usukani ulining'inia bafuni. Mgeni akienda kuoga anarudi ananiuliza, shemeji, kule ndani mnaendesha nini?"

Wenzake walitaniwa na wake zao kwa kupenda mpira. Yeye mkewe aliingia naye chini ya gari. Saluni ikifungwa, Kioo anavaa gauni lake bovu, anatandika mkeka uani, wanalala chali wote wawili, uso juu, chuma puani. "Wenzangu wanatolewa matembezi," alikuwa akiwaambia wateja, "mimi natolewa chini ya difu." Walisema wanamwonea huruma. Anatuambia hakuna miaka aliyoipenda kama ile.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Walikuwa na utaratibu wao. Taratibu anakaza bolti kwa spana maalumu, ile inayotoa mlio wa "ka!" bolti ikifikia kipimo. Akisikia mlio anasema, "Tia." Kioo anafungua kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, anatia tone moja juu ya kichwa cha bolti. Bolti yenye tone imekazwa. Bolti isiyo na tone haijakazwa. Sheria yao ilikuwa moja: bila tone jekundu, gari halitoki uani. Aliyebuni hayo ni Kioo, na Taratibu aliyapenda kiasi kwamba aliyapeleka mpaka hospitalini. Mashine za kufulia nazo zikawa na kucha nyekundu.

Propela sasa. Gari likiwa na injini mbele na nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma, lazima pawe na kitu cha kupeleka nguvu hiyo. Kitu hicho ni bomba refu la chuma linalopita chini ya gari, katikati, linazunguka kwa kasi kubwa. Mbele limeshikwa na gia boksi, nyuma limefungwa kwenye difu, pale katikati ya ekseli ya nyuma, kwa bolti nne. Hilo bomba mafundi wanaliita propela. Kwenye gari la Taratibu lilipita ubavuni mwa dereva, likifunikwa na kibati chembamba tu.

Ile propela ya pikapu ilikuwa ndefu mno kwa gari lile dogo. Ikabidi ikatwe na kuungwa upya. Aliyeikata na kuiunga ni Cheche. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote, akapima, akachomelea, akasugua, akaizungusha kwenye mashine kuona kama imenyooka. Akaileta begani akaimba njia nzima. Akamwambia mkubwa wake, "Kaka, hii hata ukifa wewe itabaki." Ni maneno ya utani. Baadaye watu waliyakumbuka vibaya.

Propela ikafungwa. Gari likawashwa. Mtaa mzima ulitoka nje. Likatembea! Lakini lilipoongeza mwendo, likaanza kutetemeka. Mtetemo unatoka chini ya kiti, unapanda mgongoni. Kioo anasema meno yake yaligongana.

Hapo ndipo ilipoanza shusha, pandisha. Wakaishusha propela, wakaigeuza, wakairudisha. Ikatetemeka. Wakaishusha, wakaweka vibati vyembamba chini ya gia boksi, wakairudisha. Ikapungua kidogo. Cheche akaja, akasikiliza, akapendekeza hili na lile, wakaishusha tena. Na kila ilipokuwa inashushwa, zile bolti nne za nyuma zilifunguliwa. Kila ilipopandishwa, zilikazwa upya.

Mwanzoni Kioo alifanya kazi yake barabara. Bolti ikifunguliwa, anafuta tone la zamani kwa dawa ya kutolea rangi, na ikishakazwa anatia tone jipya. Siku moja dawa ikaisha. Chupa nyingine iko saluni, na saluni imefungwa. Taratibu akasema, "Acha tu, si zina rangi tayari." Kioo akaacha. Siku iliyofuata akaacha tena. Ikawa ndiyo mtindo.

Mmeliona kosa, wasikilizaji wapendwa? Tone la rangi haliondoki bolti inapofunguliwa. Linabaki pale pale kichwani. Bolti iliyokazwa ni nyekundu, na bolti iliyolegea nayo ni nyekundu. Watu wawili makini, kwa umakini wao wenyewe, walijitengenezea alama ya kuwadanganya. Mtu mzembe asingeweza kulifanya kosa hili, maana mzembe asingekuwa na rangi.

Ikafika Jumapili. Gari sasa linatetemeka kidogo tu, na Taratibu anaamini grisi itamaliza kazi. Asubuhi, Kioo akiwa jikoni, akaishusha propela, akaitia grisi, akaipandisha. Akaziingiza zile bolti nne kwa vidole, zikashika nyuzi. Akanyoosha mkono kuchukua spana.

Mlango wa ua ukagongwa. Mama amefika.

Alikuwa amevaa gauni lake zuri la bluu, na mkoba, kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Akasimama pale uani akaita, "Taratibu! Nitapanda leo au niendelee kuzeeka?" Hata yeye alikuwa akimwita mwanawe kwa jina la utani. Taratibu akatoka chini ya gari anacheka. Akanawa mikono, akamshika mama yake, akamwingiza ndani. Wakakaa mezani. Walicheka sana mchana ule, Kioo anasema. Mama aliwasimulia Taratibu alivyochelewa hata kuzaliwa.

Baada ya kula wakatoka uani. Mama akawekewa kiti kivulini. Taratibu akaufuta vumbi usukani. Akamwambia mama, "Nizunguke mara moja peke yangu nisikilize ule mtetemo, kisha nakuja kukuchukua." Halafu akamgeukia mkewe. "Hebu chungulia nyuma."

Kioo akachutama. Akamulika tochi chini ya gari. Akaziona bolti nne.

Akasema, "Zote nyekundu."

Taratibu akawasha gari.

Mimi nimelifikiri sana jambo hili. Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kuharakishwa na bosi, wala na wauguzi, wala na mvua. Furaha ndiyo iliyomharakisha. Alimwona mama yake na gauni la bluu, akasahau kwamba mkono wake ulikuwa unaelekea kwenye spana. Na mkewe alipomulika tochi, naye alikuwa na furaha.

Barabara ile inateremka kando ya ukuta wa ghala, halafu inapinda. Taratibu aliteremka akiongeza mwendo ili ausikie ule mtetemo. Bolti zilizokazwa kwa vidole tu zikajifungua, moja, nyingine, nyingine. Propela ikaachia nyuma. Lile bomba likadondoka barabarani huku upande wa mbele bado unazungushwa na injini, likaanza kujipiga kama mjeledi, likapasua kile kibati ubavuni mwa dereva, likakata bomba la breki. Likajipiga mpaka likavunjika vipande viwili. Gari halikupinda palipopinda barabara. Likaingia kwenye ukuta wa ghala.

Uani waliusikia mshindo. Mama akauliza, "Ni nini hicho?" Kioo alikuwa ameshaanza kukimbia.

Alimkuta mumewe bado yuko ndani ya gari, watu wanajaribu kumtoa. Alikuwa hai. Alimtazama. Walimpeleka katika hospitali ile ile aliyofanyia kazi, lakini hakufika akiwa hai. Wauguzi waliompokea walikuwa wanamjua. Mmoja wao alituambia shuka walilomfunika lilikuwa limefuliwa Ijumaa, na Taratibu mwenyewe ndiye aliyeiwasha mashine.

Samahani, wasikilizaji wapendwa. Tunaendelea.

Kioo alirudi barabarani jioni ile, wakati askari wanalivuta gari. Alitembea juu, alikotokea mumewe. Barabarani akaiona bolti. Akaiokota. Ilikuwa na tone jekundu kichwani, na nyuzi zake zilikuwa safi. Kioo hakusomea ufundi, lakini miaka ya mkekani ilimtosha. Bolti ikikatika inabaki nusu. Hii ilikuwa nzima. Haikukatika, ilijifungua. Na bolti iliyokazwa haijifungui katika mwendo wa dakika chache.

Alijua hapo hapo. Alifumba kiganja, akaitia bolti kifuani, akarudi nyumbani kulia pamoja na watu.

Nyumbani nako maneno yalikuwa yameshatangulia. Watu waliiona propela imevunjika vipande viwili. Wote wanajua nani aliiunga. "Propela imekatika," wakasema. Halafu ikawa, "Imekatika pale alipochomelea." Nani aliona? Hakuna aliyeona. Lakini maneno hayakosi miguu, na ule utani wake wa "hata ukifa wewe itabaki" ukatolewa, ukapitishwa msibani kutoka kiti hadi kiti. Mkaguzi wa magari alithibitisha baadaye kwamba chuma kilivunjika mbali na maungio. Maungio ya Cheche yalikuwa mazima. Nasema tena, mnisikie vizuri, na kama jirani yako hana redio mwambie: maungio ya Cheche yalikuwa mazima.

Lakini hiyo ni baadaye. Siku ile Cheche alifika msibani mbio, amevaa ovaroli, macho mekundu, akamwendea mama yake. Mama akamzuia kwa mkono.

"Usinisogelee."

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ulimtengenezea mwenzako kifo, ukamletea begani unaimba."

Cheche akatazama huku na huku. Akamtazama na shemeji yake. Kioo alikuwa amekaa sakafuni ukutani. Macho yao yakakutana. Kioo akainamisha kichwa.

Cheche hakuingia tena ndani ya nyumba ile. Siku ya mazishi mama alisema kama Cheche atakanyaga kaburini, yeye hatakwenda. Wajomba wakamfuata, wakamwomba kwa upole akae mbali. Aliwaona wakipita na jeneza. Alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye mlango wa duka lililofungwa, ameshika kofia. Waliobeba jeneza la kaka yake walikuwa majirani na watu wa kazini. Mdogo wake wa pekee hakulishika. Kioo alipita mbele yake, nyuma ya jeneza, na ile bolti ilikuwa kifuani mwake.

Nilimwuliza Kioo, kwa nini? Nilimwuliza hapa hapa studio. Sikumwuliza kwa ukali, lakini nilimwuliza. Alinijibu hivi, na haya ni maneno yake:

"Nilitaka kumzika mume wangu. Nilijua nikifungua mdomo, nitafukuzwa mimi. Nikasema moyoni, nimzike kwanza, nikishamzika nitasema. Mmoja wetu angefukuzwa, mimi au shemeji. Nikamwacha afukuzwe yeye."

Baada ya mazishi ukoo ulikaa sebuleni. Mama yupo, wajomba wapo, na Kioo yupo na nguo zake za msiba. Mjomba mkubwa akasema wamekubaliana, kesho wanakwenda polisi kumshtaki Cheche kwa kazi mbovu iliyoua. Karakana yake ifungwe. Akamgeukia mjane kwa adabu tu, akidhani ni swali la kupita. "Wewe, mkwe wetu, una neno?"

Kioo akapiga moyo konde. Akaingiza mkono kifuani, akaiweka bolti mezani.

Akawaeleza yote. Spana, tone, dawa iliyoisha, grisi ya asubuhi, tochi. Alieleza kama mtu anayesoma, bila kulia, na hakuna aliyemkatiza. Mjomba mmoja aliichukua ile bolti, akaizungusha vidoleni, akairudisha.

Mama ndiye aliyesema kwanza. "Nilikusikia."

"Mama?"

"Nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Ukachutama, ukasema zote nyekundu. Nilikusikia. Nikadhani mnaongelea mapambo."

"Nilitazama tu, mama. Sikushika. Ningegusa hata moja ingezunguka."

Mama akaitikia kwa kichwa. Wote walidhani atapiga kelele, hakupiga. Alisema, "Hata mimi nilimwita akatoka chini ya gari." Kisha akauliza, "Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

"Kabla hatujamzika?"

"Kabla, mama."

Hapo ndipo yule mama alipolia. Kioo anasema hakulia hivyo hata kaburini. Alijishika tumbo akalia, na alipoweza kusema alisema, "Hilo la bolti ningekusamehe, mwanangu. Mungu anajua ningekusamehe leo hii. Lakini umeniacha nimfukuze mtoto wangu kwenye kaburi la mwenzake. Mimi, mama yao. Hilo nitakusameheje?"

Akasimama. Akajifunga kanga kiunoni, akatoka kwa miguu, na wajomba nyuma yake, mpaka karakana kwa Cheche. Alimkuta amekaa juu ya geti ambalo halijakamilika, mteja aliyeliagiza alikuwa ameghairi akaliacha. Waliyosema wawili hao hatukuambiwa, na hatukuuliza.

Tangu siku hiyo mama hajazungumza na mkwewe. Kioo anaishi kwa dada yake. Saluni ameifungua, anasuka, lakini kucha hapaki tena, wateja wa kucha anawaelekeza kwingine. Na Cheche? Cheche amesafishwa nyumbani, mtaani bado. Mtaani watu wanapenda ile hadithi ya kwanza, wameizoea. Wateja wamepungua karibu wote. Hiyo ndiyo sababu ya Kioo kuja redioni. Alisema, "Kule nyumbani nilisema mbele ya watu wachache. Waliosikia uongo ni wengi."

Tulimwambia akitaka tunaweza kuipunguza habari yake. Tuseme tu kwamba bolti zililegea, basi. Alikataa. Alisema akipunguziwa yeye, atabebeshwa tena Cheche.

Wasikilizaji wapendwa, mimi si kadhi wala si hakimu. Ninachowaomba leo ni kidogo. Kama una neno kifuani ambalo lingemwondolea mwenzako aibu, na unasubiri shughuli ipite kwanza, msiba upite, harusi ipite, wageni waondoke, fikiria unamsubirisha nani na amesimama wapi. Na kama una geti limelegea au kitanda kimevunjika mguu, mpelekee Cheche. Karakana yake iko wazi kila siku.

Kwa mama wa marehemu, pole, mama yetu. Uliwalea wawili kwa ufagio, na hakuna neno la redioni litakalokufaa. Kwa wafanyakazi wa chumba cha kufulia, poleni. Tumesikia mashine yake ya tatu imezimika na mnaogopa kuifungua. Kwa Kioo, pole, dada. Umesema ulichotaka kisemwe, na tumekisema chote. Mungu ailaze roho ya Taratibu mahali pema.

Tulipokuwa tunaandaa kipindi hiki tulikwenda pia kwa Cheche. Alizima mashine yake, akavua miwani, akatupatia vibao tukakaa. Nilimwuliza kama ana kinyongo na shemeji yake. Akasema hapana, hana. Alisema shemeji amemrudishia jina lake na anamshukuru. Nikamwuliza kama kuna neno angependa kulisema hewani kwa ajili ya kaka yake.

"Sijui walimlaza vipi kaburini," akasema. "Nikiwauliza wananiambia alilala vizuri. Mimi sikuona."